Kitambulisho Kwanza, Mawaidha Baadaye

Itifaki imezingatiwa. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia langoni mwa gereza, wanivumilie.

Mtu amemaliza kifungo. Ameitwa jina, ametia sahihi, amekabidhiwa mfuko wa vitu alivyoingia navyo, na lango limefungwa yeye akiwa upande wa nje. Wanaompokea ni ndugu, kiongozi wa dini, pengine na mtu wa shirika la hisani. Wote wamekuja na mawaidha: jiepushe na makundi, sahau yaliyopita, Mungu amekupa nafasi nyingine. Maneno mazuri. Sasa waulizeni ni nani kati yao aliyekuja na cheti cha kuzaliwa cha huyu mtu. Hakuna.

Mada niliyopewa ni kujenga maisha yenye maana baada ya kifungo, na najua mlitarajia tuanze na moyo. Tutaanza na makaratasi. Maana ya maisha, kwa mtu mzima yeyote, iko kwenye mambo anayotegemewa kuyafanya: kuna mahali anasubiriwa, kuna mtu anamdai, kuna kazi ambayo asipoifanya itaonekana haijafanywa. Na hakuna anayekutegemea kama kwanza hawezi kuthibitisha wewe ni nani.

Tazameni mnyororo wenyewe. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu. Bila laini hafungui akaunti, na mwajiri hana namba ya kumpigia. Bila akaunti, mwajiri anayelipa kupitia benki hamchukui, kwa hiyo anabakiwa na vibarua vya kulipwa mkononi jioni, ambavyo bosi akitaka analipa, asipotaka halipi, na mkataba wa kumshtaki haupo. Bila kipato kinachoonekana mwenye nyumba hampangishi. Bila makazi, ofisi ya vitambulisho inamwambia alete uthibitisho wa anwani. Amezunguka kote na amerudi palepale. Wiki ya tatu anatokea rafiki wa zamani, na yule, kwa bahati mbaya, haulizi kitambulisho.

Nasikia mtu anasema mbele hapa, "Si alipoteza mwenyewe?" Mara nyingi hapana. Siku ya kukamatwa, pochi na simu vilichukuliwa na kuandikwa namba ya kesi. Kesi ikaisha, hukumu ikatoka, vitu vikabaki stoo ya vielelezo kwa sababu hutolewa kwa maombi, na mwombaji lazima ataje namba ya kesi na kituo kilichomkamata. Aliyekaa ndani miaka sita hakumbuki namba hiyo. Mwambieni aitafute kwenye nakala ya hukumu au hati ya mashtaka, ipo juu kabisa.

Tatizo la pili ni majina. Hati ya mashtaka iliandikwa kwa kusikiliza: herufi imeongezwa hapa, jina la babu limeachwa pale. Jina hilo hilo likaingia kwenye rejista ya gereza, kisha kwenye hati ya kuachiliwa. Siku anapotoka, hati ya kuachiliwa na cheti cha kuzaliwa vinazungumzia watu wawili tofauti, na karani wa dirishani hana sababu ya kumwamini hata mmoja wao.

Simu nayo ina matatizo yake. Namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ujumbe wa kufungulia barua pepe yake ya zamani unakwenda kwa mgeni asiyemjua. Nenosiri amelisahau, namba si yake, na huko ndani ya barua pepe ndiko kulikokuwa na nakala za vyeti vya shule.

Kwa hiyo kazi inaanza siku 90 kabla ya lango. Kaeni na mfungwa muda wa ziara mwandike kila hati na mahali ilipo. Msiandike "nyumbani". Andikeni "sanduku la shangazi, chini ya nguo". Sanduku hilo likafunguliwe wiki hiyo hiyo, maana nusu ya orodha itageuka kuwa haipo. Siku 60 kabla, ziombwe hati zilizokosekana. Huu ndio wakati wake, kwa kuwa akiwa ndani picha yake ipo, alama za vidole zipo, na mkuu wa gereza anaweza kuandika barua ya kumtambulisha. Akishakuwa uraiani, barua hiyo ataifuata kwa miguu na ataambiwa arudi kesho. Siku 30 kabla, kama majina yanapishana, aape kiapo cha majina mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kuachiliwa itolewe nakala tano zilizothibitishwa siku ileile anapoipata. Ile halisi haitoki nyumbani, hata akiombwa na nani.

Vyeti vya ufundi pia viangaliwe kabla hajatoka. Mtu amejifunza useremala ndani miaka minne, na kazi yake huenda ni safi kuliko ya wengi walioko mtaani. Someni kilichoandikwa juu ya cheti. Kikiwa na jina la mamlaka ya mitihani ya ufundi, kinatosha. Kikiwa na nembo ya gereza peke yake, mwajiri amepata habari yote kabla ya salamu. Afanye mtihani wa mamlaka akiwa bado ndani, ambako muda anao.

"Hiyo ni kazi ya serikali." Sawa, na imeandikwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela tarehe 17 Desemba 2015. Kanuni ya 107 inataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo. Ya 108 inataja hati na vitambulisho, makazi, kazi, mavazi yanayofaa hali ya hewa, nauli ya kufika aendako na cha kujikimu kipindi cha mwanzo. Mawaidha hayamo. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema "kadiri inavyowezekana", na ninyi mnajua maneno hayo yana ukubwa gani ofisini. Ndiyo maana nawasumbua ninyi familia.

Kuna pingamizi jingine, na hili huwa linasemwa kwa hasira: vijana wetu wasio na kosa hawana kazi, iweje mwizi apangiwe mipango? Ndugu zangu, sijasema apewe nafasi ya mtu. Nimesema apewe karatasi zake, zenye jina lake, ambazo alikuwa nazo. Na kwa waliodhulumiwa naye, hili ni kwa faida yao pia: asiye na kipato halali hatalipa fidia hata kama mahakama imeamuru.

Muangalie na siku ya wiki. Anayetoka Ijumaa mchana anakuta madirisha yanafungwa, na hadi Jumatatu hana ofisi, hana kliniki, hana malazi ya kuandikiwa. Ana usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili, na ana fedha kidogo mfukoni. Uingereza na Wales walilichoka jambo hili hadi wakatunga sheria mwaka 2023 inayoruhusu watu wa namna hiyo waachiwe hadi siku mbili za kazi mapema. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, ombeni dawa zake, miadi ya kliniki na mahali pa kulala vipangwe kabla ya Alhamisi.

Nikitaja dawa, hapa sitanii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na kilichoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Sababu yake iko mwilini: aliyekuwa akitumia heroini akikaa bila kuitumia, mwili unapoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo kile sasa ni sumu. Mwambieni hivyo wazi, kabla hajatoka, bila kumtisha na Jehanamu. Asilale peke yake wiki hizo. Kama naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, inapatikana, iwe ndani ya nyumba na wanaoishi naye wajue kuitumia. Mwenye kisukari, kifafa, VVU, kifua kikuu au ugonjwa wa akili atoke na dawa za mwezi mmoja, barua ya daktari wa gereza na tarehe ya kliniki iliyoandikwa. "Utaenda hospitali ya karibu" si tarehe.

Sasa tuingie nyumbani. Gerezani mtu haamui saa ya kula, saa ya kuzima taa wala mlango wa kupita. Miaka ikipita, misuli ya kuamua inalegea. Anatoka na mnamwona anasimama mbele ya mlango uliorudishwa tu, anasubiri ufunguliwe. Anaamka saa ya kuhesabiwa. Anakula haraka huku amekunja mkono kuzunguka sahani. Dukani, mbele ya aina kumi na mbili za sabuni, anaondoka bila sabuni. Hajachanganyikiwa, na wala hamdharau mtu. Familia ikiona hivyo hufanya moja kati ya makosa mawili: inamfanyia kila kitu, au inamfanyia sherehe ya watu arobaini siku ya kwanza na kumtaka atoe neno. Mpeni shughuli moja ya nje kwa siku katika wiki ya kwanza, asiende peke yake mara mbili za mwanzo, na mumwachie maamuzi madogo hata akichelewa: avae nini, ale saa ngapi, anyoe wapi. Ukimwamulia, umemrudisha kwa nyapara.

Na yeye naye asirudi nyumbani kama kamanda. Nyumba ilijipanga alipokuwa hayupo. Mtoto aliyemwacha na miaka mitatu sasa ana kumi, ana ratiba yake, na hakumwomba mtu aje kumfundisha adabu. Saa moja kila Jumamosi isiyokosekana inamfaa huyo mtoto kuliko ahadi ya baiskeli.

Kazi. Mwanasosiolojia Devah Pager alichapisha mwaka 2003 jaribio alilofanya mjini Milwaukee, Marekani: aliwatuma vijana waombe kazi wakiwa na sifa zinazofanana, tofauti ikiwa rekodi ya kifungo. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi 14, wenye rekodi 5. Rekodi inakata nafasi kwa nusu au zaidi, na rangi peke yake ilikuwa imeshakata kabla ya rekodi kufika. Kwa hiyo anayemwambia mtu "ukiomba kazi tatu utapata" anamtengenezea kukata tamaa. Ahesabu maombi kwa makumi, na aanze na wenye biashara ndogo, ambako anayeajiri ndiye mwenye duka na anaweza kumtazama usoni.

Mwajiri akiuliza kuhusu kifungo, jibu liwe la nusu dakika, na lina sehemu tatu: nilifungwa kwa kosa fulani, nilitoka mwaka fulani, tangu hapo nimekuwa nikifanya hiki na huyu hapa anaweza kunithibitishia. Basi, anyamaze. Kinachoharibu ni kueleza kesi: shahidi alidanganya, wakili alikuwa mbovu, nilikuwa na rafiki. Hata kama ni kweli yote, mwajiri anasikia mtu ambaye kesi yake haijaisha. Afanye mazoezi kwa sauti mbele ya ndugu mkali hadi aliseme bila kutetemeka. Asidanganye kwenye fomu, maana uongo ukigundulika ni sababu halali ya kufukuzwa hata baada ya miaka mitano ya kazi nzuri. Na miaka ya ndani isiachwe tupu kwenye wasifu. Kama alikuwa mpishi wa watu mia tano, aandike hivyo.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na sehemu ndefu juu ya fedha, naiacha kwa mambo mawili: asikopeshe na asikope miezi mitatu, na madeni ya zamani ayaandike yote ndipo aanze na wadai wanaokubali kulipwa kidogo kidogo. Wanawake waliojifungulia ndani wanastahili mhadhara wao.

Kuhusu marafiki, "jiepushe na makundi" haitoshi, kwa sababu jioni ina saa nne na mtu hawezi kuzijaza kwa kujiepusha. Mpeni mahali anapotegemewa kwa jina: funguo za ukumbi wa mazoezi, zamu ya kusafisha msikiti au kanisa, timu ya watoto inayohitaji mwamuzi, hesabu za kikundi akishathibitika. Uchunguzi wa jimbo la Minnesota uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha waliotembelewa walipokuwa ndani walitiwa hatiani tena kwa asilimia 13 pungufu, na ziara za ndugu wa kuzaliwa, wakwe na viongozi wa dini zilifaa zaidi. Ziara za wenzi walioachana nao ziliongeza hatari. Mnaocheka mna yenu.

Mwisho, walio chini ya uangalizi, yaani walioachiwa kwa sharti la kuripoti kwa afisa. Miadi ya afisa iandikwe ukutani na kwenye simu ya mtu wa pili. Akiona atachelewa, apige kabla ya saa ya miadi, si baada, na aandike jina la aliyepokea na dakika aliyopiga. Akikosa kabisa, aende asubuhi inayofuata kabla hajaitwa, na karatasi ya hospitali au ya mwajiri mkononi. Wengi hujificha siku ya pili kwa kuogopa, na kule kujificha ndiko kunakowarudisha ndani. Maswali, tafadhali, na mafupi.