Masika ya Julai: kumpima akili mzee msemaji wa Kihispania mjini Los Angeles

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana naanza palepale, na bibi wa Usulután.

Bibi huyu alitoka El Salvador, Amerika ya Kati. Umri miaka 71, shule alisoma miaka 2, kisha akaingia kuchuma kahawa. Alikuwa akiishi Los Angeles karibu na MacArthur Park, mahali ambapo unaweza kumaliza wiki hujahitaji neno la Kiingereza. Binti yake alimleta hospitali kwa sababu mara mbili sufuria iliungua jikoni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi, nimekaa pembeni na daftari. Kipimo kilikuwa kile kifupi cha akili na kumbukumbu cha Marshal Folstein na wenzake, cha mwaka 1975, chenye alama 30. Ukishuka chini ya 24, watu huanza kukushuku dimensia, yaani kufifia kwa akili na kumbukumbu. Maswali yote yalikuwa kwa Kihispania safi. Likumbukeni hilo: tafsiri haikuwa na kasoro.

Akaulizwa mwaka, akajibu. Mwezi? Julai, sawa. Haya, sasa ni majira gani? Bibi akasema: invierno.

Kamusi itakwambia invierno ni majira ya baridi. Nje jua la Julai linachoma lami. Mpimaji akaandika sifuri, akafungua ukurasa.

Ninyi mliokulia kwenye masika na vuli mmeshanielewa. El Salvador, kama Guatemala na Nikaragua, haina theluji ya kungojea. Mvua zinaponyesha, tangu Mei hadi Oktoba, watu huita invierno. Ukavu unaofuata ni verano. Bibi alisema kweli tupu. Tena akaongeza mwenyewe kwamba kwao saa hizi mahindi yamefika kifuani. Mtu aliyepotewa na wakati hajui mahindi ya kwao yamefika wapi! Neno hilo halikuandikwa popote.

Najua kuna atakayesema: lakini yuko Los Angeles, si Usulután. Sawa. Mchukueni mzee wa Tanga aliyehamia kwa mwanawe Ohio, mumuulize mwezi wa Aprili ni majira gani. Akisema masika, mtampeleka kupigwa picha ya ubongo? Swali lile liliwekwa ili tujue kama mtu anajua amefika wapi katika mwaka. Bibi alijua. Alichokosa ni jina la upande huu wa dunia.

Nikajumlisha alama baadaye. Majira, 1 imekwenda. Kutaja herufi za neno mundo, yaani dunia, kinyumenyume, 4 zimekwenda. Kuandika sentensi, 1. Kunakili zile pembetano mbili zilizopishana, 1. Jumla 23. Maneno matatu aliyoambiwa ayashike kichwani, aliyarudisha yote matatu bila kusita. Kumbukumbu, jambo lenyewe lililomleta pale, ilikuwa nzima. Alama sita zilikwenda kwa kalamu na herufi, vitu ambavyo kahawa haikumpa nafasi ya kuvizoea, na ile ya saba ikaenda na mvua. Angepewa hiyo moja angefika 24. Nami nilikaa kimya, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tutafsiri maswali, yaishe", sina subira naye. Tafsiri ni mlango tu. Kazi kubwa ni kujua watu wazima wenye afya, wa umri wake, shule kama yake, waliotoka alikotoka, wao hupata alama ngapi. Bila hiyo, 23 haina maana yoyote.

Wengine hukimbilia michoro, wakidhani mchoro hauna lugha. Mchoro una shule! Aliyeshika penseli miaka 2 hawezi kulinganishwa na aliyeishika miaka 16. Hata kile kipimo cha kuunganisha namba na herufi kwa zamu, 1, A, 2, B, kinachohesabiwa kwa saa, kina mtego wake. Wazee waliosoma Kihispania zamani walikariri alfabeti a, b, c, ch, d. Ch ilikuwa herufi kamili. Mwaka 2010 ndipo taasisi zinazosimamia lugha hiyo zilipoiondoa rasmi. Mzee akimaliza C anaanza kuitafuta CH kwenye karatasi, na saa inakimbia.

Kuna waliofanya kazi ya maana, nami nawaheshimu. Mradi wa NP-NUMBRS, wa kutafuta alama za kawaida za watu kama hawa, uliwapima watu 254 wenye afya, wasemaji wa Kihispania wa California na Arizona, wakiwemo wasiokwenda shule kabisa. Lakini umri wao ni miaka 19 hadi 60. Bibi yule wa Usulután alikuwa na 71.

Kosa huenda upande wa pili pia, nitalipitia haraka. Puerto Rico ilipata mwaka 1968 toleo lake la Kihispania la kipimo cha akili cha Wechsler, liitwalo EIWA, na toleo hilo lilizoea kumpandishia mtu alama. Likatumika miongo kadhaa, hata kwa watu wa kwingine. Hapo mgonjwa huonekana mzima na kurudishwa nyumbani bila msaada, na Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini ndio wanaopata dimensia kwa kiasi cha mara moja na nusu kuliko wazungu.

Kuhusu kipimo cha kurudia tarakimu kichwani, kwamba cinco na siete zina silabi mbili kama tano na saba zetu, hivyo hujaza kichwa mapema kuliko za Kiingereza, leo naacha. Naonyeshwa saa.

Ninyi wakalimani, moja tu. Mjukuu asikalimani kipimo cha bibi yake, hata kama yuko pale na anajua lugha zote mbili. Na mzee akitoa jibu ambalo si la kwenye karatasi, msilipotezee. Mwambieni mpimaji neno lenyewe alilolitamka, kwa lugha yake, aliandike pembeni ya ile sifuri, kisha mwombeni amuulize mzee ana maana gani.

Karibuni maswali. Aanze yule mama wa nyuma, alinyoosha mkono zamani.