Bildi inafeli usiku, mchana inapita: tuitafute sababu

Jambo sana, wapendwa. Kutoka hapa Lubumbashi, leo tunashika ugonjwa unaochosha timu nyingi: mashine ya majaribio inajenga programu na kuijaribu (hiyo ndiyo bildi), kila kitu kijani, yaani imepita, baadaye kodi ileile (maandishi ya programu), hata herufi moja haijabadilika, inatoa nyekundu, yaani imefeli.

Kwanza, toa kidole kwenye kitufe cha kurudia. Najua kinavutia, na mara nyingi kijani kinarudi. Lakini mashine nyingi za aina hii hufutwa mara kazi inapoisha, na ushahidi unaondoka nazo. Pakua logi iliyofeli (orodha ya yote yaliyotokea kwenye bildi) sasa hivi, uiweke pamoja na logi ya mwisho iliyopita.

Zifungue ubavu kwa ubavu, kama hivi. Usianzie chini. Tafuta pale zinapoachana kwa mara ya kwanza, halafu andika: mashine ipi, saa ngapi, jaribio lipi.

Ukikuta programu imeishia kwa namba 137, kodi iache kwanza. Hiyo ni 128 jumlisha 9: programu imeuawa kwa ishara ya 9, na mara nyingi ni Linux, mfumo unaoendesha mashine, imeiua kwa kukosa kumbukumbu (RAM). Punguza majaribio yanayokwenda sambamba. Diski nayo iangalie kwa amri df -h, kisha df -i, maana nafasi inaweza kuwepo huku idadi ya faili imefika kikomo. Kama jaribio linapita peke yake na kufeli likiwa na wenzake, kuna mwenzake aliyeacha uchafu kwenye hifadhidata.

Sasa tukae kwenye saa, maana hii inatuhusu sisi kabisa. Andika amri date kwenye mashine, halafu TZ=Africa/Lubumbashi date. Mnaona? Mashine iko UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tumeitangulia kwa saa mbili. Kinshasa wao wameitangulia kwa moja tu.

Tazameni jaribio hili. Linaandika risiti, kisha linauliza: risiti za leo ni ngapi? Linatarajia 1. Risiti inapigwa tarehe ya UTC, lakini "leo" inahesabiwa kwa saa ya Lubumbashi. Mtu akituma kodi saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa UTC bado ni tarehe 14, 22:40. Jibu: 0. Nyekundu. Kuanzia saa nane usiku linapita tena, na asubuhi watu wanasema limepona. Halijapona!

Kwa hiyo usingoje usiku. Bandika saa ndani ya jaribio: tarehe 15, 00:40. Endesha. Limefeli. Tena. Limefeli. Hapo ndipo ninapofurahi, kwa sababu sasa nimelishika. Hifadhi muda wote kwa UTC, na unapotafuta risiti za "leo", geuza mwanzo na mwisho wa siku ya Lubumbashi kuwa UTC kwanza. Endesha: 1. Kijani.

Ile saa uliyobandika usiitoe. Iache humo, ili hata atakayetuma kodi saa nne asubuhi awe anaupima usiku ule.