Aliyevaa gwanda hababaishwi na nyota za jenerali

Asanteni sana, nashukuru mmekuja wengi na jua lote hili. Mada ni marais wa Marekani waliopita jeshini kabla ya kuingia ikulu, na najua wengi mnategemea niwatajie majenerali walioshinda vita wakapewa nchi, Washington, Jackson, Taylor, Grant, hao wapo na habari zao mnazijua. Mimi leo nataka tuangalie kitu kingine kabisa. Mtu aliyewahi kupokea amri, akalala kwenye tope, akazika wenzake, huyo akija kuwa rais anawasikilizaje majenerali? Manake katiba yao inasema rais ndo amiri jeshi mkuu, awe amevaa gwanda au hajawahi hata kulishika, hakuna kifungu kinachomtaka awe amepita jeshini.

Hebu chukueni Aprili 1951. Vita ya Korea imepamba moto, anayeongoza majeshi kule ni Jenerali Douglas MacArthur, nyota tano, shujaa wa Pasifiki, mtu anayependwa Marekani nzima, na huyu bwana anataka vita ipanuliwe mpaka China na anayasema hadharani wakati rais wake hataki. Rais ni Harry Truman. Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia, kule Ufaransa Truman alikuwa kapteni tu wa kikosi cha mizinga, Battery D, macho mabovu, umri miaka 34, wakati MacArthur kwenye vita hiyohiyo tayari ni brigedia jenerali! Lakini usidharau ule ukapteni. Vijana wa Battery D walikuwa watukutu, makapteni waliotangulia waliwashindwa, na usiku mmoja kwenye milima ya Vosges Wajerumani walipojibu mapigo wakaanza kutimua mbio, Truman akabaki palepale anawaporomoshea matusi ambayo hawakutegemea yatoke kwa mtu mpole wa miwani, mpaka wakarudi. Sasa mtu kama huyo unamtisha na nini? Tarehe 11 Aprili akamvua MacArthur madaraka. New York wakampokea jenerali kwa maandamano makubwa, Truman akachukiwa sana na wananchi, na hakurudi nyuma. Mimi kwangu huo ni uamuzi mkubwa kuliko vita nyingi tunazosifia.

Sasa Kennedy, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hii habari naipenda mno. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, Visiwa vya Solomon, giza totoro, luteni Kennedy yuko kwenye boti ndogo ya torpedo, PT-109, watu 13 ndani. Manowari ya Kijapani inaitwa Amagiri ikatokea gizani ikaipanda ile boti ikaikata vipande viwili, wawili wakafa palepale. Waliobaki wakashikilia mabaki mpaka mchana, halafu wakaamua kuogelea kwenda kisiwani, na mmoja wao alikuwa ameungua vibaya hawezi kuogelea, basi Kennedy akaung'ata kwa meno mkanda wa jaketi lake la kuokolea akamvuta hivyohivyo kwa masaa, mgongo wenyewe mbovu tangu zamani. Kisiwa hakina chakula cha maana wala maji. Waliowaokoa ni vijana wawili wenyeji, Biuku Gasa na Eroni Kumana, karatasi hakuna, Kennedy akachonga ujumbe kwa kisu kwenye nazi kwamba watu 11 wako hai na wanahitaji boti ndogo, wale vijana wakapiga makasia nayo kwenye maji yaliyojaa Wajapani mpaka kwa jeshi la Marekani. Wenzake wanasifiwa, picha zinapigwa, lakini hawa wawili ndo walioweka roho zao rehani na ni haki majina yao yatamkwe. Ile nazi Kennedy aliitunza na ilikaa kwenye meza yake ikulu.

Barua zake za miaka ile zinaonyesha kijana aliyechoshwa na wakubwa wanaozungumzia vifo vya maelfu kama hesabu ya dukani. Halafu angalia, Aprili 1961 ameingia tu madarakani anawaamini wataalamu kwenye uvamizi wa Cuba, ule wa Bay of Pigs, unafeli vibaya na anabeba lawama mwenyewe. Oktoba 1962 Warusi wamepeleka makombora ya nyuklia Cuba, wakuu wa majeshi yake wote kwa sauti moja wanasema tupige mabomu kisha tuvamie, jenerali LeMay wa jeshi la anga anamwambia usoni kwamba kusita ni udhaifu. Kennedy akakataa, akaweka manowari kuizingira Cuba, akajadiliana na Khrushchev, kiongozi wa Warusi, na baada ya siku 13 ikaisha. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba kule Cuba tayari kulikuwa na silaha za nyuklia za kupigia wavamizi watakaoshuka ufukweni, yaani wangeenda kama majenerali walivyotaka sijui leo tungekuwa tunaongea nini hapa.

Eisenhower yeye ni jenerali mwenyewe, lakini alikaa umeja miaka 16 na Vita ya Kwanza iliisha kabla hajavuka bahari. Kabla ya ile Juni 6, 1944, siku ya kushuka Normandy kule Ufaransa kupigana na Wajerumani, aliandika kikaratasi cha kutumia wakishindwa Normandy, anasema lawama zote ni zake peke yake, na mawazo yalikuwa mengi mpaka tarehe akakosea, akaandika Julai. Mtu huyo ndo Januari 1961 akiaga ikulu aliwaonya wananchi wake juu ya nguvu ya jeshi likiungana na viwanda vya silaha. Angesema raia wa kawaida wangemwita mwoga.

Na McKinley! Sajini wa miaka 19 pale Antietam, 1862, kwenye vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, anaendesha gari la nyumbu chini ya risasi kuwapelekea wenzake kahawa ya moto na chakula. Kikosi chake, cha 23 cha Ohio, kilitoa marais wawili, yeye na Hayes. Mwaka 1898 watu wanapiga kelele twende tukapigane na Hispania, rais McKinley anasita, anasema vita moja ameshaiona na maiti ameziona zimerundikana. Aliyekuwa na kiu ya vita ni Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa hajawahi kupigana. Mwisho McKinley alikubali, lakini alisita, na kusita kule nakuheshimu.

Sitaki muondoke mkidhani ni kanuni. Lincoln alikuwa mgambo karibu miezi mitatu tu mwaka 1832, hakuona vita, na bado alimfukuza jenerali wake McClellan. Lyndon Johnson alipewa nishani kwa kupanda ndege moja ya vita kama mtazamaji, na huyohuyo ndo akapeleka wanajeshi zaidi ya 500,000 Vietnam.

Kinachonisumbua ni kilichofuata. Bush mkubwa, aliyetunguliwa Septemba 1944 na wenzake wawili ndegeni wakafa, alitoka ikulu Januari 1993, na tangu hapo hakuna rais aliyewahi kuwa vitani. Waliofika Vietnam waligombea, Gore 2000, Kerry 2004, McCain 2008 aliyefungwa miaka mitano na nusu, wote wakaanguka. Sasa kizazi cha Iraq na Afghanistan kinabisha hodi, makamu wa rais Vance alikuwa Iraq mwaka 2005 kama mwandishi wa habari wa kikosi cha Marines. Je, kukaa Iraq kama mwandishi kunatosha kumfanya mtu amkatalie jenerali? Mimi nadhani inategemea aliona nini, lakini nataka kusikia ninyi mnasemaje. Haya, mzee pale mbele, anza wewe.