Wino Kwanza, Mpingo Baadaye

Ndugu zangu mafundi wa kalamu za mti, asanteni kwa kuitika. Naanza na jambo linaloniuma. Tunachukua mpingo, mti unaokua kwa miongo mingi, mti huohuo wanaotengenezea klarineti na obo huko Ulaya. Tunaukereza, tunaupiga msasa mpaka unang'aa, halafu ndani tunatia mrija wa wino ule wa bei ya chini kuliko yote. Mteja anaandika jina lake, wino unakatika kwenye herufi ya tatu. Hatasema mrija ni mbovu. Atasema kalamu ni mbovu, na kalamu hiyo ni yako.

Kwa hiyo nawaomba mchague wino kabla hamjakata mti, kwa sababu seti utakayonunua, yaani vile vyuma vya ndani na vya ncha za kalamu, ndiyo inayoamua mrija. Ile seti nyembamba ya kuzungusha, yenye bomba la milimita 7, hutumia mrija wa mtindo wa kampuni ya Cross: mwembamba, wenye hesi upande wa juu. Seti nene nyingi hutumia mtindo wa Parker, unaoitwa pia G2, wenye urefu wa karibu milimita 98. Mimi kwa kalamu ya kuuza nachagua G2 bila kusita. Unabeba wino mwingi zaidi, na umbo lake limo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 12757, ndiyo maana makampuni mengi huutengeneza. Wino ukiisha, mteja hatalazimika kurudi kwako kuomba msaada.

Wino wa jeli je? Inateleza vizuri sana, lakini huisha upesi. Tena fikirieni mteja wenu anaandika nini. Mwenye duka anayekata risiti za kaboni anahitaji kukandamiza, na hapo wino mzito wa kawaida ndio unaofaa. Anayesaini hati za shamba au vyeti vya ndoa mtafutie mrija ulioandikwa ISO 12757-2, mara nyingi na herufi DOC. Maana yake wino wake umepimwa kustahimili mwanga, maji na kufutwa. Huyu usimpe wino wa kubahatisha hata kidogo.

Mirija ya kampuni ya Fisher yenye gesi ya naitrojeni inayosukuma wino, iliyokwenda angani na chombo cha Marekani cha Apollo 7 mwaka 1968, huandika hata kalamu ikielekea juu. Ni ghali; mwekee anayeandika akiwa amesimama, karatasi ikiwa ukutani.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo kalamu nyingi za kuzungusha zinapoharibikia. Kile chuma cha kuzungushia, kinachotoa ncha na kuirudisha, usikisukume chote ndani ya bomba kwa mara moja. Sukuma kidogo, funga mrija, zungusha, tazama ncha. Ikiwa haijatoka vya kutosha, toa mrija, sukuma tena unene wa ukucha, rudia. Ukipitiliza, ncha haitarudi ndani, na kukivuta chuma hicho kunaweza kupasua mti. Mrija utakaouza ndio upimie, si mwingine, kwani urefu hutofautiana kidogo. Ncha mpya huwa na tone la nta. Liondoe, uandike mistari ya duara mpaka wino utoke sawasawa.

Mezani hapa kuna mirija ya aina zote hizo na karatasi za risiti. Karibuni mbele mwandike, tuanze na hawa wa safu ya nyuma.