Mtu na Neno Lake: Binadamu katika Tamthilia za Ebrahim Hussein

Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie binadamu anavyoonekana katika tamthilia za Ebrahim Hussein, mwandishi wetu wa Tanzania. Nitakaa zaidi kwenye Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969.

Shuleni tuliambiwa ni tamthilia ya ushujaa wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Sawa. Lakini someni tena pale Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, anapogutuka kwa maneno aliyoyatamka alipopandwa na pepo Hongo: kwamba Mjerumani akishashindwa, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Yaani tumtoe bwana mmoja tumwingize mwingine? Shaka inamwingia hapo, na haimtoki tena. Watu hawana habari nayo. Wamechoshwa na viboko na shamba la pamba. Wanataka maji, yale ya kuzuia risasi, na maji wameshaahidiwa.

Hussein hatupi mwongo wa kumzomea. Kinjeketile hakukusudia kumdanganya mtu, wala waliomwamini si wajinga. Makabila yaliyokuwa hayapikiki chungu kimoja yameungana kwa ajili ya hayo maji. Ukiyakana maji, umeuvunja umoja. Basi anajaribu kuwachelewesha: tusubiri, tujifunze vita kwanza. Wapi! Neno limeshaota miguu, na aliyelitoa ndiye anayelikimbilia nyuma.

Kwenye Mashetani ya 1971 hofu ya namna hiyo ameihamishia kwa vijana wasomi wa baada ya uhuru, Juma na Kitaru. Huko sitaingia, tutakesha.

Nakwenda gerezani, mwisho wa Kinjeketile. Kitunda, aliyeongoza wapiganaji na kushuhudia walivyoanguka, anamsihi Kinjeketile akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Akikiri, watoto wa kesho wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Nimeona vikundi vikiliigiza onyesho hili kwa kifua mbele na sauti ya mkutano wa hadhara. Kwa maoni yangu wanaliua. Huyu ni mtu anayejua kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba waliokufa walikufa kwa kumwamini yeye. Bado anakataa kulikana neno. Sijui kama huo ni ushujaa au ni kiburi, na nadhani Hussein hakutaka tujue kwa urahisi.

Vijana wetu wamelifanyia mazoezi onyesho hili kwa sauti ya chini. Tuwaachie jukwaa, halafu tubishane.