Ini Baada ya Kupandikizwa Seli Shina: Tuanze na Kalenda na Mizani

Wenzangu, mgonjwa aliyepandikizwa seli shina macho yakianza kuwa ya manjano, ulizeni kwanza: leo ni siku ya ngapi tangu apandikizwe? Magonjwa ya ini yana majira yake.

Wiki 3 za mwanzo tunahofia zaidi kuziba kwa vijimishipa vya damu ndani ya ini. Dawa kali za kumwandaa mgonjwa kabla ya kupandikizwa, busulfani ikiwemo, hujeruhi utando wa vijimishipa hivyo. Damu hushindwa kupita, ini huvimba, figo nazo hung'ang'ania chumvi na maji. Ndiyo maana uzito hutangulia kupanda kabla ya manjano. Mpimeni mgonjwa mara 2 kwa siku, kwa mizani ile ile, mkilinganisha na uzito wa kabla ya dawa hizo. Vigezo vya Baltimore vya kutambua kuziba huku vinataka bilirubini, rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, ifike miligramu 2 kwa desilita ndani ya siku 21, pamoja na mawili kati ya haya: ini kuvimba, kwa kawaida kwa maumivu, maji tumboni, uzito kuongezeka asilimia 5 au zaidi. Kwa watoto, nawasihi, msiisubiri bilirubini. Huweza kubaki ya kawaida huku ini likizidi kuvimba, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikigoma kupanda hata akiongezewa.

Doppler, kipimo cha mawimbi ya sauti cha mwendo wa damu, inayoonyesha damu ya mshipa wa lango, unaopeleka damu kwenye ini, ikirudi nyuma ni ushahidi mzito, lakini huchelewa. Picha nzuri leo haimwondolei mgonjwa shaka.

Akiwa na upele na kuharisha, bilirubini na kimeng'enya cha fosfatesi alkali vikipanda bila uzito kuongezeka, fikirieni seli za mchangiaji kulishambulia ini. Mkikwama, chukueni kinyama cha ini kwa kupitia mshipa wa shingo, si ubavuni, kwa sababu chembe sahani zikiwa chache kutoboa ubavu huleta damu tumboni. Njia hiyo pia hupima shinikizo: tofauti ya shinikizo kati ya mshipa wa lango na mishipa ya ini inayozidi milimita 10 za zebaki huelekeza kwenye kuziba.

ALT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikijeruhiwa, ikiruka hadi maelfu, shukuni virusi. Tetekuwanga huweza kuanza na maumivu makali ya tumbo siku kadhaa kabla ya upele. Tumeni damu ipimwe DNA ya virusi na anzeni dawa ya virusi, asikloviri, saa hiyo hiyo, majibu yatawakuta njiani. Virusi vya homa ya ini B navyo huamka hata miezi mingi baadaye, kwa mtu ambaye kabla ya upandikizaji alikuwa na kingamwili za kiini cha virusi hivyo pekee, alama ya maambukizi ya zamani.