Kuzungusha atomu ndani ya pete

Mabibi na mabwana, pale mlangoni nimeulizwa: kwa nini tunazishikilia atomu ndani ya pete? Kwa sababu mtego wa atomu ulionyooka una ncha, na atomu zikigonga ncha hurudi. Pete haina ncha. Zikishaanza kwenda, zinaenda.

Tuchukue sodiamu. Leza huzipunguzia atomu kasi, kisha zile zenye joto zaidi huachwa zitoroke, kama mvuke unavyoondoka na joto la maji. Zikibaki na chini ya sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, zote huwa wimbi moja. Hali hiyo ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1995 huko Boulder, Marekani, kwa atomu za rubidiamu.

Lakini wimbi ndani ya pete lina sharti. Aliyewahi kutunga bangili ya shanga, nyeusi moja nyeupe moja, anajua kwamba ukifunga uzi nakshi lazima ikutane, la sivyo shanga mbili nyeusi zitakaa pamoja. Wimbi nalo likimaliza duara lazima lijiunge na lenyewe. Ndiyo maana huwezi kulipatia wimbi kasi yoyote uitakayo. Kuna ngazi: sifuri, moja, mbili. Nusu hakuna. Kwa pete yenye nusu kipenyo cha mikromita 20, yaani sehemu 20 za milioni za mita, ngazi ya kwanza ni takriban mzunguko mmoja kwa sekunde. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea desimali!

Kupanda ngazi, tunakoroga. Mwale wa leza unaofukuza atomu huwekwa kama kizuizi kifupi, kisha huzungushwa. Ukizungushwa taratibu, atomu huteleza juu yake kana kwamba haupo. Ongeza kasi, na ghafla kimbunga kidogo hukatiza pale penye kizuizi, mkondo ukaruka ngazi nzima. Mwaka 2014 watafiti wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, na Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba kasi ya kupandia si ile ya kushukia. Mkondo unakumbuka ulikotoka, na kwangu hilo ndilo tamu kuliko yote.

Tunajuaje mkondo uko ngazi ipi? Zima mtego, atomu zitawanyike, piga picha. Kama zilikuwa zimetulia, tundu la katikati huzibika. Kama zilikuwa zikizunguka, hubaki wazi, na ngazi ikiwa juu zaidi tundu huwa pana zaidi. Picha ni hiyo moja tu. Ukitaka ya pili, anza upya kupoza atomu nyingine.